Oili ya 0W, 5W, 10W au 15W? Ulinganisho wa vitu vinavyosumbuliwa na baridi kali, kuanzia injini hadi mtungi wa gesi

Watu wengi huuliza: oili ya injini inaganda kwenye nyuzi ngapi? Ukijibu kwa namba moja umeshampotosha aliyeuliza. Maji yana namba yake, nyuzi 0 za Selsiasi, na hapo yanageuka barafu. Oili haina mpaka wa namna hiyo. Kadiri baridi inavyoongezeka ndivyo inavyozidi kuwa nzito, na gari linagoma kuwaka mapema sana, oili ingali kimiminika. Kwa hiyo anayechagua oili ya kutumia kwenye baridi aangalie ni ipi itaendelea kutiririka kwenye asubuhi ya baridi kuliko zote, ifike kwenye beringi kabla chuma hakijasugua chuma.

Vitu vingine tunavyovitumia kila siku navyo vinaharibika kila kimoja kwa njia yake. Maji hutanuka na kupasua. Dizeli hutoa nta ikaziba filta. Betri huishiwa nguvu. Gesi ya mtungi hubaki mtungini na kukataa kutoka. Nimevilinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua kimoja na kuacha kingine. Oili nimeipa nafasi kubwa, maana ndiyo inayochanganya watu kuliko vyote, na ukiikosea unaua injini.

Namba mbili, vipimo viwili

Kwenye chupa ya oili utakuta maandishi kama 5W-30 au 15W-40. Huo ni mfumo wa SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzia Marekani, na kiwango chenyewe kinaitwa J300. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyofanya kazi kwenye baridi. Ile ya mwisho inaeleza mnato wake, yaani uzito wake inapotiririka, injini ikiwa imeshapata moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100.

Kuna kosa ambalo hata mafundi wazoefu hulirudia, kwamba 5W-30 huwa nyepesi kama 5 ikiwa baridi, halafu hupanda na kuwa nzito kama 30 ikipata moto. Hakuna oili ya injini inayofanya hivyo. Zote huwa nyepesi zikipata moto. Namba hizo mbili zinatoka kwenye vipimo viwili visivyohusiana, na huwezi kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, oili ya 5W inaruhusiwa kuwa na mnato wa hadi 6,600 kwa kipimo cha milipaskali-sekunde. Injini ikishapata moto, oili hiyohiyo inashuka hadi karibu na 10. Maji ya kunywa yaliyokaa chumbani ni 1 hivi.

Upande wa baridi wenyewe una mitihani miwili. Wa kwanza unaangalia kama stata itaweza kuzungusha injini. Wa pili unaangalia kama pampu itaweza kuvuta oili kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Mipaka yake ni hii:

| Daraja | Stata: mnato usiozidi | Pampu: mnato usizidi 60,000 kwenye |
|---|---|---|
| 0W | 6,200 kwenye -35 | -40 |
| 5W | 6,600 kwenye -30 | -35 |
| 10W | 7,000 kwenye -25 | -30 |
| 15W | 7,000 kwenye -20 | -25 |
| 20W | 9,500 kwenye -15 | -20 |
| 25W | 13,000 kwenye -10 | -15 |

Linganisha safu ya stata na ile ya pampu. Kwa kila daraja, mtihani wa pampu unafanywa kwenye baridi iliyozidi ile ya stata kwa nyuzi 5. Wazo ni kwamba, ikibidi gari likwame, likwamie kwenye stata. Injini iliyogoma kuwaka inakuchelewesha kazini tu. Injini iliyowaka huku pampu haivuti kitu inazungusha kranki kwenye beringi kavu, na hapo uharibifu ni suala la muda mfupi sana.

Pampu inavyokosa oili wakati sampu imejaa

Pampu inaweza kushindwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni rahisi kuielewa: oili imekuwa nzito mno, inapita kwa shida kwenye wavu na kwenye bomba la kunyonyea, na inafika juu kidogo sana. Ya pili ni mbaya zaidi. Oili yenye nta ikipoa polepole, chembe za nta hushikana na kujenga kitu kama utando ndani yake, na oili yote inakuwa ute unaosimama. Pampu ikianza kuvuta, inamaliza oili iliyo mdomoni mwake, lakini ile ya pembeni haiteremki kujaza nafasi, kama kijiko kinavyoacha shimo kwenye samli iliyoganda. Baada ya hapo pampu inanyonya hewa. Ukichomoa kijiti cha kupimia, kinakuonyesha sampu imejaa, na ni kweli imejaa.

Jambo hilo halikugunduliwa maabara. Majira ya baridi ya 1980 hadi 1981, eneo la Sioux Falls katika jimbo la South Dakota, Marekani, injini ziliharibika ingawa oili zake zilikuwa zimefaulu vipimo vya wakati huo. Ilikuja kuonekana kwamba kilicholeta balaa ni jinsi hali ya hewa ilivyopoa, wala si ukali wa baridi peke yake. Ndiyo maana mtihani wa pampu unaotumika sasa unaipoza oili taratibu sana, kwa muda wa zaidi ya siku nzima, ili nta ipate nafasi ya kujijenga kama inavyojijenga kwenye gari lililoegeshwa.

Hapohapo nimtahadharishe anayesoma karatasi za maelezo ya bidhaa. Kuna namba moja inayopendwa sana kwenye matangazo, ile ya joto la chini kabisa ambalo oili bado inamwagika. Inapatikana kwa kupoza oili kwenye chupa na kuinamisha chupa hiyo kila baada ya nyuzi 3 kuona kama inasogea. Kusogea kidogo kwenye chupa iliyoinamishwa hakumaanishi kwamba pampu itaivuta. Oili inaweza kuandikiwa -36 kwenye safu hiyo na bado ikawa 10W tu, ambayo stata yake imepimwa kwenye -25. Namba hiyo ipite, usome W.

Jaribio la freeza

Anayetaka kuona kwa macho, freeza ya nyumbani inamtosha, maana nyingi hukaa kwenye -18. Chukua chupa mbili ndogo za plastiki inayoonyesha ndani. Moja itie 20W-50, nyingine 5W-30, acha hewa kidogo juu, funga vizuri, zisimamishe humo hadi kesho yake. Kisha zitoe na uzipindue kwa pamoja, kichwa chini.

Kwenye 5W-30 kiputo cha hewa kinapanda bila kusita, oili inashuka na ukuta wa chupa unabaki na utando mwembamba. Kwenye 20W-50 kiputo kinaanza kwa kujivuta, kinarefuka, mkia wake unabaki nyuma, na pembeni mwa chupa kunakaa tabaka nene linaloteremka kwa uvivu. Ukiweka na chupa ya tatu yenye maji nusu, hiyo utaikuta barafu tupu, uso wake umepanda juu ya alama uliyoiweka jana yake.

Anayetafuta kilichoganda atasema ni maji peke yake, oili zote mbili zimefaulu. Stata haitakubaliana naye. Nyuzi -18 zimeshavuka kiwango ambacho daraja la 20W limepimiwa, wakati 5W bado ina nyuzi 12 za akiba.

Sasa uchague ipi?

Namba ya kwanza ichague kwa asubuhi ya baridi kuliko zote katika mwaka, usichague kwa wastani wa msimu. Mahali ambapo baridi haifiki sifuri, 15W na hata 20W zinawaka bila tatizo, na anayelipia zaidi ili apate 0W ajue kwamba faida yake huko ni ndogo. Baridi ikiwa inashuka hadi -10 au -15, chukua 10W au 5W. Kwenye -20 hadi -25 mimi sioni sababu ya kubaki na 10W hata kama karatasi inaruhusu. Betri nayo imedhoofika kwenye baridi hiyo, kwa hiyo kila unafuu unaoweza kuipa stata, ipe. Hapo ni 5W au 0W. Chini ya -30 ni 0W, pamoja na hita ya injini inayochomekwa kwenye umeme usiku kucha, maana kufikia hapo oili nzuri peke yake haitoshi.

Namba ya pili usiiguse kwa sababu ya baridi. Hiyo ni ya kitabu cha gari. Watu huhama kutoka 10W-40 kwenda 0W-20 wakidhani wamehamia oili ya baridi tu, kumbe wamebadilisha na upande wa moto. Kwenye nyuzi 100 daraja la 40 lina mnato wa 12.5 hadi 16.3 kwa kipimo cha milimita mraba kwa sekunde, na la 20 ni 6.9 hadi 9.3. Injini iliyoundwa kwa ajili ya 40 inaweza kukosa utando wa kutosha kwenye beringi. Kama kitabu kinataka 40 na unaishi kwenye baridi, 0W-40 na 5W-40 zipo. Zinabadilisha asubuhi bila kugusa mchana.

Ya madini au sintetiki?

Oili ya madini inatokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa, na hata ikisafishwa vipi hubaki na nta kiasi. Watengenezaji huongeza kemikali inayozuia chembe za nta kushikana, na inasaidia, lakini kuna mwisho wake. Sintetiki zilizotengenezwa kwa molekuli za aina moja, hasa zile za polialfaolefini, hazina nta hiyo kabisa. Ndiyo sababu zinaendelea kumwagika hata kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri. Kwa daraja la 0W hata huhitaji kuuliza, karibu zote ni sintetiki, kwa kuwa kulifikia kwa madini ya kawaida haiwezekani.

Lakini neno sintetiki kwenye chupa si cheti cha baridi. Zipo sintetiki za 20W-50, na kwenye baridi kali zitakushinda kuliko 5W ya kawaida yenye sintetiki nusu. Ukisimama mbele ya rafu, soma W kwanza, soma viwango ambavyo kitabu cha gari kimevitaja, halafu ndipo uangalie kama ni sintetiki.

Oili iliyokaa muda mrefu nayo ni habari nyingine. Masizi na joto huifanya nzito, kwa hiyo oili iliyoingia injini ikiwa 5W inaweza kutoka ikiwa haifikii tena 5W. Mwenye gari la safari fupifupi ana tatizo jingine: injini haipati moto wa kutosha, mvuke wa maji unabaki ndani na kuchanganyika na oili. Ukifungua kifuniko cha kujazia utaona ute mweupe mweupe chini yake. Wenyewe hauna ubaya mkubwa. Ubaya ni pale mvuke huo unapoganda ndani ya kijibomba cha kutolea hewa ya injini. Presha inakosa njia, inasukuma sili za kranki, na oili inamwagika chini. Dawa yake ni kuliendesha gari mwendo mrefu mara kwa mara hadi injini ipate moto sawasawa.

Na kuna mbinu ya zamani inayozungumzwa hadi leo, ya kutia petroli kidogo kwenye oili ili iwe nyepesi. Ni kweli ilifanyika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndege za kivita ziliwekewa mfumo maalumu wa kuingiza petroli kwenye oili dakika chache kabla ya kuzima injini, na petroli hiyo iliyeyuka na kutoka injini ilipopata moto. Wakati huo oili za madaraja mawili kama 5W-30 hazikuwa zimeenea. Leo unaharibu oili ya kisasa kwa tatizo ambalo 0W imeshalitatua.

Petroli na dizeli

Hapa mshindi ni petroli, tena kwa mbali. Haitoi nta, na baridi inayoweza kuigandisha haifiki kwenye barabara za kawaida. Shida yake ni kuvukiza: ikiwa baridi sana haitoi mvuke wa kutosha kushika cheche, na ndiyo maana wasafishaji wa nchi za baridi huuza petroli yenye butani zaidi wakati wa majira hayo.

Dizeli ina nta ndani yake kwa asili. Ikipoa, kwanza inakuwa na ukungu, kisha chembe za nta zinaziba filta, na mwisho inakuwa ute. Gari linaweza kuwaka vizuri kwa mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, likatembea kidogo, kisha likazimika njiani filta ikiwa imejaa kitu cheupe kama mshumaa. Kiwango cha Ulaya, EN 590, kinagawa dizeli kwa joto ambalo bado inapita kwenye filta: kutoka daraja A la +5 hadi F la -20, kisha madaraja ya maeneo ya baridi kali yanayofika -44. Unaposafiri kutoka sehemu ya joto kwenda ya baridi, tatizo ni tangi ulilojaza ulikotoka. Fika na tangi karibu tupu, ujaze dizeli ya kule.

Dawa za kuongeza kwenye dizeli zinafanya kazi, kwa sharti moja: zitiwe kabla ukungu haujaanza. Kazi yake ni kuzuia chembe za nta zisikue. Zikishakua, dawa hiyo haiziyeyushi, na kilichobaki ni kuliingiza gari mahali pa joto. Dizeli ya mimea ina udhaifu zaidi. Ile ya mawese huanza kuwa na ukungu kwenye baridi ambayo wengi wangeiita hali ya hewa nzuri, juu ya nyuzi 10.

Mafuta ya taa yanakaa katikati. Mafuta ya ndege aina ya Jet A-1 ni ndugu yake, na kiwango chake cha kuganda ni -47. Hata hivyo adui aliyejificha ni maji. Tarehe 17 Januari 2008 ndege ya British Airways, safari namba 38 kutoka Beijing, ilianguka kabla ya kuifikia barabara ya kutua ya Heathrow, London, kwa sababu injini zote mbili zilikosa mafuta. Wachunguzi waligundua kwamba mafuta yenyewe hayakuganda. Maji kidogo yaliyomo ndani yake ndiyo yaliyokuwa barafu na kuziba njia kwenye kifaa cha kupashia mafuta moto. Watu wote 152 waliokuwemo walinusurika. Kwenye gari kanuni ni ileile: tangi lisikae wiki nzima likiwa na mafuta nusu tu, na chombo cha kutenganisha maji kwenye filta ya dizeli kimwagwe kabla ya msimu.

Kulanti: maji, glikoli au mchanganyiko

Kulanti ni maji ya rejeta yanayopoza injini, na glikoli ni kemikali inayochanganywa humo ili yasigande. Hapa jibu linawashangaza wengi. Maji matupu yanaganda kwenye 0, na yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9, nguvu inayotosha kupasua bloku ya chuma. Ethilini glikoli tupu nayo inaganda kwenye -13 hivi. Ukivichanganya nusu kwa nusu, mchanganyiko haugandi hadi karibu -37. Ukiongeza glikoli hadi asilimia 60 unapita -50. Ukizidisha zaidi ya asilimia 70 unaanza kurudi nyuma, na pia unapunguza uwezo wa kubeba joto. Kwa hiyo yule anayemimina kulanti nzito bila maji akidhani anaongeza ulinzi anaupunguza.

Kati ya glikoli mbili zinazouzwa, ethilini inalinda kidogo zaidi na huwa nyepesi kwenye baridi, lakini ni sumu yenye utamu, hatari kwa watoto na wanyama. Propilini glikoli kwa nusu na nusu inafika -34 hivi, na sumu yake ni ndogo sana. Kwa rejeta ya gari, fuata kitabu. Kwa mabomba ya nyumba au mfumo unaokaribia maji ya kunywa, chukua propilini bila kusita. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyotolewa madini.

Betri

Betri ya asidi na risasi inapimwa kwa namba ya ampea za kuwashia kwenye baridi: ampea ambazo betri mpya ya volti 12 inaweza kutoa kwenye -18 kwa sekunde 30 bila kushuka chini ya volti 7.2. Ukilinganisha betri mbili za ukubwa mmoja kwa ajili ya baridi, soma namba hiyo, ya ampea-saa baadaye. Betri iliyojaa haigandi hadi karibu -60. Iliyoisha chaji ina asidi nyepesi, na inaweza kuganda kwenye -10 au kabla, kasha likapasuka. Iliyoganda usiichaji wala usiipe umeme wa gari jingine. Ipeleke ndani iyeyuke kwanza, uikague kama ina ufa.

Lithiamu inatoa umeme kwenye baridi kwa uwezo uliopungua, lakini kuichaji chini ya sifuri kunaweka lithiamu tupu juu ya elektrodi na kuiharibu bila dalili ya haraka. Kwa kitu kinachochajiwa nje kwenye baridi, chagua lithiamu yenye hita na kidhibiti kinachokataa kuchaji, au baki na ya risasi.

Gesi ya mtungi

Propani inachemka kwenye -42, butani kwenye -0.5. Tofauti hiyo inamaliza ubishi wote. Mtungi wa butani uliokaa nje kwenye baridi ya chini ya sifuri hautoi gesi, ingawa ukiutikisa unasikia imo. Mtungi wa mchanganyiko huanza vizuri kisha unafifia, maana propani ndiyo inayotoka mbele na butani inabaki. Na mtungi wowote unapotumika kwa kasi hujipoza wenyewe, ndiyo ile barafu nyembamba unayoiona nje yake. Kwa matumizi ya nje kwenye baridi, propani. Ukikwama, weka mtungi kwenye maji ya vuguvugu. Moto usiusogeze hata kidogo.

Vingine, kwa haraka

Maji ya kusafishia kioo cha mbele yachaguliwe yenye alkoholi, na yapigwe hadi yafike kwenye mirija; kumimina mapya juu ya yale ya zamani hakuondoi yaliyokwama njiani. AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa magari ya dizeli, inaganda kwenye -11, lakini hilo si tatizo la kununua aina nyingine: ni asilimia 32.5 ya urea kwa makusudi, na magari yana hita ya tangi lake. Usiipunguze wala kuichanganya na kitu. Maji ya breki ya DOT 5.1 ni mepesi zaidi kuliko DOT 4 kwenye -40, nusu ya mnato unaoruhusiwa, na mfumo wa kuzuia tairi kukwama unaupenda wepesi huo, ilimradi kitabu kinairuhusu. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye nayo.

Chumvi ya mezani inayeyusha barafu hadi -21 kinadharia, ila mwendo wake unakuwa wa polepole mapema zaidi. Kalisi kloridi inafanya kazi kwenye baridi kali kuliko hiyo. Kipimajoto cha zebaki kinaganda kwenye -38.83, kwa hiyo penye baridi ya kweli chukua cha alkoholi. Mpira unapoteza unyumbufu: pete za mpira zilizokakamaa kwenye asubuhi ya baridi ndizo zilizohusika na ajali ya chombo cha angani Challenger tarehe 28 Januari 1986, na sili ngumu za injini ya zamani huvuja kwa sababu hiyohiyo.

Kwenye stoo, mafuta ya nazi yanakuwa magumu chini ya nyuzi 24 na ya zeituni yanafanya ukungu kwenye jokofu. Yote mawili hurudi kama yalivyokuwa bila kuharibika. Asali haigandi kama maji, inafanya chembe za sukari, na inazifanya kwa kasi zaidi kwenye nyuzi 14 hivi kuliko kwenye freeza. Rangi ya ukuta ya maji ikishaganda huwa na mabonge, hata ukoroge namna gani. Insulini iliyoganda hutupwa, ingawa baada ya kuyeyuka inaweza kuonekana safi kabisa.